Tarantula wa mwanangu hakui kama ndugu yake: amedumaa?

"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Hamburg, Ujerumani. Miezi 14 iliyopita mwanangu mwenye miaka 14 na rafiki yake walinunua kwa mfugaji mmoja watoto wawili wa tarantula wa Mexico, wale wenye magoti mekundu. Walitoka kifuko kimoja cha mayai, na kila mmoja alikuwa na sentimita 1.5 toka ncha ya mguu wa mbele hadi ncha ya mguu wa nyuma upande wa pili. Leo wa mwanangu ana sentimita 3, wa rafiki yake ana 5. Wetu yuko kwenye tangi la kioo la sentimita 30 kila upande. Chumba kina nyuzijoto 21 mchana, usiku tunapunguza hita na zinashuka hadi 18. Anakula nyenje mmoja mdogo kila wiki mbili, na mwanangu humnyunyizia maji kila siku. Amejivua gamba mara tatu, na sasa ni wiki ya tatu hagusi chakula. Yule mwingine amewekwa juu ya mkeka wa joto, nyuzijoto 28 au 29, analishwa kila siku ya tatu na tumbo lake limekuwa kubwa sana. Mwanangu analia kwamba amemdumaza buibui wake. Anataka nimnunulie mkeka wa kuweka chini ya tangi, na unga wa kalsiamu wa kupaka nyenje. Kuna aliyetuambia tangi kubwa humkuza buibui, mwingine akasema linamdumaza. Tufanye nini?"

Marahaba, dada. Mwambie kijana afute machozi. Buibui wake hajadumaa. Amepitwa na ndugu yake kwa kujivua gamba mara mbili tu, na sababu zake umeziandika mwenyewe: chumba cha baridi na chakula cha nadra. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yale usiyoyaulizia sana, yaani maji yanayonyunyizwa kila siku, tangi ambamo nyenje wanapotea, na huo mkeka mnaotaka kuuweka chini. Nianze na namna mnyama huyu anavyokua, maana ushauri mwingi mbovu hutoka kwa watu wanaomfikiria kama mnyama mwenye mifupa.

Buibui hana mifupa. Umbo lake linashikiliwa na gamba la nje lililojengwa kwa protini na dutu ngumu iitwayo kitini, na gamba hilo likishakauka halitanuki tena. Miguu, chonge na ile ngao ya mbele inayobeba macho hubaki na kipimo kilekile hadi siku ya kujivua, hata mngemlisha kila asubuhi. Katikati ya hapo kinachojaa ni tumbo peke yake, kwa kuwa ngozi yake ni laini. Akiba ya tumboni ikitosha, homoni huanzisha utengenezaji wa ngozi mpya chini ya ile ya zamani. Majimaji maalumu huyeyusha tabaka za ndani za gamba kuukuu, na sehemu ya malighafi hiyo hurudishwa mwilini. Ngozi mpya inatoka ikiwa laini na imekunjamana, inanyooka kabla ya kukauka, na ni hapo tu buibui anapoongezeka urefu. Kwa hiyo mtoto anaweza kupima kwa miezi minne bila kuona tofauti hata ya milimita, kisha akaamka siku moja akakuta buibui mwingine kabisa.

Sasa tupige hesabu kwa namba zako. Kwa buibui wachanga, kila kujivua huongeza urefu kwa kama robo hivi au zaidi kidogo. Chukua 1.5, uzidishe kwa 1.27 mara tatu: unapata 3.07. Zidisha mara tano: unapata 4.96. Hao ndio buibui wenu wawili. Hakuna aliyeharibika, mmoja amejivua mara tatu na mwingine, kwa hesabu hii, mara tano. Kwamba wanyama wa jamii hii hukua kwa uwiano unaokaribia kuwa uleule kila wanapojivua kuliandikwa na Mmarekani Harrison Dyar mwaka 1890, alipopima vichwa vya viwavi. Si kanuni isiyovunjika, lakini inasaidia kutuliza moyo. Tena urefu unapoongezeka kwa asilimia 26, ujazo wa mwili huwa umekuwa maradufu. Hatua mbili za mbele maana yake mwili mkubwa mara nne na zaidi, na hilo ndilo linalomfanya wa rafiki yake aonekane jitu.

Kuhusu kudumaa kwenyewe: kliniki akina mama hufundishwa kwamba mtoto aliyekosa lishe katika siku 1,000 za mwanzo huenda asiurudishe urefu wote aliopoteza. Somo hilo ni la kweli kwa binadamu, lakini usilihamishie kwa buibui huyu. Jike wa tarantula huendelea kujivua hata baada ya kukomaa, na jike wa aina hii huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Mwaka mmoja wa mwendo wa pole hauachi alama kwake. Kwa dume ni tofauti kidogo, kwa sababu akishajivua mara ya kukomaa huwa amefika mwisho wa kukua. Dume aliyekula kidogo sana anaweza kubaki na umbo dogo. Mwenye nyenje mmoja kila wiki mbili hajafika huko.

Aina yenyewe ni ya taratibu. Tarantula wenu wa magoti mekundu, kwa jina la kisayansi Brachypelma hamorii, anatoka majimbo ya magharibi ya Mexico yanayoelekea Bahari ya Pasifiki: Jalisco, Colima na Michoacán. Hadi uchunguzi wa mwaka 2017 ulipowatenganisha, wafugaji wengi walimwita Brachypelma smithi, ambaye kwao ni Guerrero. Huko mvua nyingi hunyesha kati ya Juni na Oktoba, kisha msitu unapukutisha majani na ukame unakaa miezi mingi. Mnyama wa nchi hiyo anajua kukaa shimoni na kungoja. Jike huchukua miaka 6 au 7, wakati mwingine zaidi, kabla ya kukomaa. Huyu wa kwetu, Pterinochilus murinus, tarantula wa rangi ya chungwa wa Kenya na Tanzania, ni kinyume chake: dume anaweza kukomaa ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mwanao akiona picha za tarantula waliokua haraka mtandaoni, kwanza aangalie ni aina gani.

Sasa joto. Buibui hatengenezi joto lake. Kasi ya mwili wake hufuata joto la hewa inayomzunguka. Kwa viumbe wa namna hiyo, kupanda kwa nyuzijoto 10 huongeza kasi ya mwili takriban mara mbili hadi tatu. Kati ya chumba chenu na mkeka wa rafiki yake kuna tofauti ya nyuzi 7 hadi 11, basi hata chakula kingekuwa sawa, yule angekimeng'enya na kukigeuza mwili upesi zaidi. Nyuzi 18 za usiku hazitamuua wa kwenu. Zinampunguzia kasi na hamu ya kula, basi. Ningependa mchana apate 23 hadi 26, na usiku 20 au 21.

Lakini si kwa mkeka wa chini. Porini buibui akizidiwa na joto huchimba kushuka, kwa sababu chini ni baridi. Mkiwasha joto chini ya tangi, atachimba kulikimbia na atalikuta kulekule anakokimbilia, huku udongo wa chini, ambao ndio unaopaswa kushika unyevu, ukikauka wa kwanza. Buibui mchanga wa sentimita 3 anaweza kukauka namna hiyo katika siku chache, na mwenye kumfuga akidhani anamtunza vizuri.

Njia rahisi kuliko zote ni kumhamishia chumba chenye joto zaidi, kwenye rafu ya juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Tofauti ya sakafu na rafu ya karibu na dari mara nyingi ni nyuzi 2 au 3. Wekeni kipimajoto mahali penyewe kwa siku moja nzima kabla ya kuamua. Pasiwe dirishani, kwa sababu jua likipiga kioo au plastiki joto hupanda ghafla, na pasiwe juu ya hita. Kama hakuna chumba chenye joto, tafuteni sanduku kubwa la plastiki, bandikeni mkeka mdogo wa joto kwenye ukuta wake mmoja wa pembeni, muunganishe na thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe) iliyowekwa 25 au 26, na kihisi chake kikae kando ya chombo cha buibui. Chombo chake kiingie humo kikiwa mbali na mkeka kwa sentimita 10 hivi. Mkeka bila thamostati usiununue. Mikeka mingi haijui kujizima, na buibui hana pa kukimbilia.

Chakula ndicho kinachojaza ile akiba inayoanzisha kujivua, na mwanao amekuwa akibana sana. Kwa ukubwa huu mpeni nyenje mmoja kila siku 5 hadi 7, mwenye urefu usiozidi urefu wa tumbo la buibui, yaani kama sentimita 0.8 hadi 1. Kama nyenje ni mkubwa, mponde kichwa kwanza au mpe mguu na kipande cha mwili. Wachanga hula mzoga bila shida. Masalia yatolewe baada ya saa 24. Nyenje wenyewe washinde na njaa dukani, wasishinde nayo kwenu: walisheni karoti na pumba za shayiri siku moja kabla, kwani lishe ya buibui ni ile iliyo ndani ya nyenje. Msiokote wadudu nje, wengi wamepita kwenye dawa za bustani.

Unga wa kalsiamu uacheni dukani. Unawafaa mijusi, ambao wana mifupa. Gamba la buibui halijengwi kwa kalsiamu kama la kaa, na taa ya kumwigizia jua pia haimsaidii chochote.

Je, mumfuate rafiki yake, mlishe kila siku ya tatu? Hapa nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili, kwa sababu jambo lenyewe lina pande mbili. Kumharakisha buibui mchanga kidogo kuna faida ya kweli. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na maji yaliyomo ndani, hivyo hukauka upesi, na kosa dogo ambalo mkubwa angelistahimili humuua mdogo. Kwa hiyo kumvusha hadi sentimita 5 au 6 kwa joto la wastani na chakula cha kutosha ni busara. Baada ya hapo sioni sababu ya kukimbiza. Buibui aliyejaa kupita kiasi huburuta tumbo, na akianguka hata kutoka kimo kidogo linaweza kupasuka. Kama ni dume, kumlisha kwa fujo kunamfikisha haraka kwenye ukomavu, na kwa dume ukomavu ndio mlango wa kifo: wengi hawazidi mwaka mmoja au miwili baada ya hapo. Inawezekana kabisa yule wa rafiki yake ni dume, na ndiyo sehemu ya mbio zake. Mpimeni mnyama kwa macho: tumbo likilingana na ngao ya mbele au kuizidi kidogo, yuko vizuri, likifikia mara moja na nusu ya upana wa ngao, acheni kulisha hadi ajivue. Mwambieni rafiki yake hivyo pia, kwa upole.

Tangi halimkuzi wala halimdumazi. Mwili wa buibui hausikilizi ukuta. Anachokosa katika tangi la sentimita 30 ni chakula: nyenje wa sentimita 1 anajificha kona ya mbali, na buibui wa aina hii ni wa kuvizia mlangoni, hazunguki kuwinda. Huenda nyenje wenu wengi hawakuwahi kuliwa. Mhamishieni kwenye chombo cha plastiki angavu cha sentimita 10 kwa 10, kimo 12, chenye matundu madogo pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Jazeni sentimita 6 au 7 za usumba wa nazi, ule unaouzwa kama matofali makavu, muushindilie kwa vidole ili shimo lisiporomoke. Wekeni kipande cha gome cha kujifichia na kifuniko cha chupa ya soda kama kibia cha maji, bila sponji wala pamba, ambazo huozea hapo. Tangi la kioo litunzeni. Atalihitaji akifika sentimita 10 au zaidi. Wakati huo, nafasi kutoka udongoni hadi juu isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake.

Nimebakiza maji, na hapa ndipo ningetaka kijana asome mara mbili. Joto na chakula huamua atajivua lini. Maji huamua kama atatoka mzima. Buibui ananyoosha miguu kwa shinikizo la damu yake, na kujivua kunategemea shinikizo hilohilo: tumbo linajikaza, damu inasukumwa mbele, ngao kuukuu inabanduka pembeni na kuinuka kama kifuniko, kisha anachomoa miguu yote minane, chonge, hata utando wa mapafu. Buibui mwenye kiu hana shinikizo la kutosha. Anakwama katikati, mguu mmoja au yote ikibaki ndani ya gamba.

Watu husikia hayo na kufanya alivyofanya mwanao, kunyunyizia kila siku. Nia ni njema, matokeo si mazuri. Maji ya juujuu hukauka ndani ya saa chache katika nyumba inayopashwa hita wakati wa baridi, maana hewa hiyo ni kavu mno, na yasipokauka huleta ukungu na utitiri. Tena buibui hanywi kwa ngozi. Anakunywa kwa mdomo, kwenye kibia. Basi kibia kisikauke kamwe. Mara moja kila siku 7 hadi 10 mmimine vijiko viwili vya chai vya maji kwenye kona moja, yateremke ukutani mwa chombo hadi chini. Mtaona kwa nje: usumba wenye unyevu ni wa kahawia iliyokolea, mkavu umepauka. Nataka theluthi ya chini iwe nyeusi-nyeusi na juu pawe pakavu. Chini ikipauka mapema, mimineni mapema. Ukuta wa ndani ukiwa na matone asubuhi, mmezidisha. Acheni na muongeze matundu.

Turudi kwenye hizo wiki tatu za kutokula. Kwa maelezo yako, inaelekea anajiandaa kujivua. Doa jeusi nyuma ya tumbo si ushahidi, kwa sababu wachanga wa aina hii huwa nalo siku zote. Tazameni badala yake kama tumbo zima limefifia rangi, limekaza na kung'aa, kama amejifungia shimoni kwa udongo na utando, au ametandika zulia la utando juu ya ardhi. Dalili hizo zikiwepo, msimhamishe sasa hata kama tangi halifai. Ondoeni nyenje wote, kwa sababu nyenje humtafuna buibui aliye laini, wekeni kibia cha maji karibu na shimo, kisha mngoje. Zisipokuwepo, na tumbo ni jembamba, mhamisheni wiki hii kwa kumsukuma taratibu na brashi laini ya rangi hadi aingie kwenye kikombe.

Siku atakapojivua atalala chali. Buibui chali hajafa. Wengi wametupwa wakiwa hai kwa kosa hilo, basi mpigie mstari kijana: hakuna kumgusa, kumpulizia wala kumwagia maji. Akishatoka, chonge zake zitakuwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Zikiwa nyeusi kabisa, kwa ukubwa huu baada ya siku 5 hadi 7, mpeni nyenje. Gamba alilovua likaushwe na kuandikwa tarehe. Urefu wa ngao iliyomo ndani yake ni kipimo cha ukuaji cha kuaminika kuliko rula juu ya buibui anayetembea. Akifika sentimita 5 au 6, mfugaji mzoefu akililainisha gamba na kulitazama kwa darubini ndogo anaweza kuona kama kuna vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume, na hapo mtajua kama ni jike.

Mambo machache hayangoji majibu ya maandishi. Buibui aliyesimama huku amekunja miguu chini ya mwili na tumbo limesinyaa ana kiu kali: mwekeni sehemu ya mbele ya mwili ukingoni mwa maji ya kina kifupi, bila kulowesha upande wa chini wa tumbo ambako mapafu yanafungukia. Msimtie kwenye boksi la joto lenye karatasi zilizolowa. Aliyekwama kujivua kwa zaidi ya saa 24, anayevuja majimaji tumboni, au mwenye ute mweupe mdomoni na harufu mbaya, mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama wasio wa kawaida. Hamburg ni mji mkubwa, pigeni simu kuuliza kabla ya siku ya dharura. Jeraha linalovuja pakeni wanga wa mahindi kidogo wakati mkienda. Mwenye ute mdomoni mtengeni na buibui wengine, maana inaweza kuwa minyoo inayoambukiza kupitia vyombo.

Na kijana mwenyewe: nywele za tumbo la aina hii hupeperushwa buibui anapoogopa, nazo huwasha. Zikiingia jichoni asilifikiche. Mwende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo na mmwambie ni nywele za tarantula, kwa sababu ni ndogo mno kuonekana bila vifaa vyake. Ile karatasi ya mfugaji inayoonyesha alizaliwa kifungoni iwekwe pamoja na vyeti vyenu vingine. Jenasi nzima ya Brachypelma iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 1994, na mnunuzi wa baadaye anaweza kuiulizia.